CHAKULA CHA WATU WA JAAFAR: MAISHA YA BIBI ASMAA BINT UMAYS (R.A.)

Bismillahi Rahmani Rahim.

Shukrani zote zinamstahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, mwenye kuhuisha na mwenye kufisha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wa nyumba yake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

 Ijumaa hii tunataka ukae nasi kidogo, tukuelezee maisha ya mama mmoja katika masahaba. Jina lake umelisikia katika darsa, lakini pengine hujapata kulitafakari. Ni Bibi Asmaa bint Umays, Allah amridhie. Hatukumchagua kwa ajili ya waume zake, ingawa walikuwa watu wakubwa. Tumemchagua kwa ajili ya kazi ambayo wengi wetu tunaikimbia: kukaa na mgonjwa anayekaribia kufa, kuosha maiti, na kusimama pamoja na wenye msiba.

Mama huyu aliijua kazi hiyo pande zote mbili. Alipofiwa, watu wa Madina walimpelekea chakula. Na wengine walipofikwa na mauti, yeye alikunja mikono ya nguo yake akaingia kuosha. Soma mpaka mwisho, kisha utazame nyumba ya jirani yako aliyefiwa, uone kama sisi tuko katika njia yake au tumeiacha.

ASILI YAKE NA SAFARI YA UHABESHI

Bibi Asmaa alikuwa wa kabila la Khath'am. Mama yake, Hind bint Awf, alizaa mabinti walioolewa katika nyumba kubwa za Uislamu. Maymuna, dada yake kwa mama, alikuwa mke wa Mtume (s.a.w.). Ummul Fadhl, dada yake mwingine kwa mama, alikuwa mke wa Abbas, ami yake Mtume. Na Salma bint Umays aliolewa na Hamza, simba wa Allah, aliyeuawa Uhud mwaka wa 3 wa Hijra (625). Basi ujane uliingia mapema katika familia ile.

Yeye mwenyewe aliolewa na Jaafar bin Abi Talib, ndugu yake Sayyidna Ali na mtoto wa ami yake Mtume. Wote wawili walisilimu mapema kule Makka, wakati Waislamu walikuwa bado ni watu wa kuhesabika. Makuraishi walipozidisha mateso, Mtume (s.a.w.) aliwaruhusu Waislamu wavuke bahari waende Uhabeshi, kwa mfalme aliyeitwa Najashi, ambaye hakuwa anamdhulumu mtu. Asmaa na mume wake walikuwa katika msafara huo, karibu na mwaka 615 au 616. Jaafar ndiye aliyesimama mbele ya Najashi kuwasemea Waislamu.

Fikiri, ndugu msomaji, hali ya mama kijana katika inchi ya ugeni. Lugha si yake, chakula si chake, mama yake hayuko, dada zake hawako. Huko ndiko alikozaa watoto watatu: Abdullah, Muhammad na Awn. Sisi watu wa Congo hatuhitaji kufundishwa maana ya ukimbizi. Wengi wetu tumezaliwa njiani au tumezalia njiani. Lakini Asmaa hakukaa Uhabeshi kwa kulia tu. Alifungua macho. Aliangalia namna watu wa kule wanavyotibu wagonjwa wao na namna wanavyobeba maiti wao. Ushike neno hili, utalihitaji mbele.

Walikaa huko zaidi ya miaka kumi. Walirudi kwa merikebu mwaka wa 7 wa Hijra (628), wakati Khaybar ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Siku moja Sayyidna Umar alimkuta kwa binti yake Hafsa, akamwambia kwamba wao wa Madina wamewatangulia katika Hijra, basi wana haki zaidi kwa Mtume. Asmaa hakukubali. Alikasirika, akamjibu kwamba wao wa Madina walikuwa pamoja na Mtume, akilisha mwenye njaa wao na kumfundisha mjinga wao, hali sisi tulikuwa mbali katika inchi ya watu wengine, tukiudhiwa na kuogopa, yote kwa ajili ya Allah. Kisha akaapa kwamba hatakula wala kunywa mpaka alipeleke jambo hilo kwa Mtume. Na Mtume (s.a.w.) akahukumu kwamba wenzake Umar wana Hijra moja, na watu wa merikebu wana Hijra mbili. Waliorudi Uhabeshi walikuwa wakimjia Asmaa makundi kwa makundi kumwomba awasimulie tena habari hiyo. Hakikuwako kitu duniani kilichowafurahisha zaidi.

HABARI YA MUUTA

Furaha ya kurudi haikudumu. Haukutimia hata mwaka mmoja na nusu, Mtume (s.a.w.) alituma jeshi upande wa Sham, mpaka mahali panapoitwa Muuta. Ilikuwa mwezi wa Jumadal Ula, mwaka wa 8 wa Hijra (629). Aliweka maamiri watatu kwa zamu: Zayd bin Haritha, kisha Jaafar, kisha Abdullah bin Rawaha. Wote watatu waliuawa. Jaafar alikatwa mikono yote miwili, na mwili wake ulikutwa na majeraha zaidi ya hamsini, hakuna hata moja lililokuwa mgongoni.

Siku hiyo Asmaa alikuwa katika kazi za nyumba kama mama yeyote. Ametengeneza ngozi arobaini, amekanda unga wake, amewaosha watoto na kuwapaka mafuta, wamependeza. Mtume (s.a.w.) akaingia, akauliza watoto wa Jaafar. Wakaletwa. Akawakumbatia na kuwanusa, na machozi yakamtoka. Mama akaona machozi yale, akajua kuna jambo. Akauliza kama kuna habari yoyote ya Jaafar na wenzake. Mtume akamjulisha kwamba wameuawa siku ile. Asmaa akapiga ukelele, na wanawake wa jirani wakakusanyika kwake.

Tazama sasa yaliyofuata, ndugu msomaji, kwa sababu hapa ndipo ilipozaliwa sunna ambayo tunaitaja sana na kuitenda kidogo. Mtume (s.a.w.) alitoka, akarudi kwa watu wa nyumba yake, akaamrisha wasiwasahau watu wa Jaafar, wawapikie chakula, kwa maana limewafika jambo la kuwashughulisha. Angalia vizuri. Mtume mwenyewe alikuwa amefiwa. Jaafar alikuwa ndugu yake na mpenzi wake. Hata hivyo, katikati ya huzuni yake, aliufikiria ule unga uliokandwa ukabaki bila kupikwa, na watoto watatu ambao jioni watasikia njaa.

Hakuishia kwenye chakula. Aliwaachia siku tatu za kulia. Kisha akaja akawakataza wasimlie tena ndugu yake baada ya siku hiyo. Akaagiza waitwe watoto, wakaja wamedhoofu kama vifaranga. Akaita kinyozi, wakanyolewa nywele. Akamtazama mmoja mmoja, akamtaja huyu amefanana na babu yake, na yule amefanana na Mtume mwenyewe kwa sura na tabia. Akaushika mkono wa Abdullah, akamwombea baraka katika biashara yake. Mama yao alipoanza kueleza uyatima wao, Mtume akamuuliza kama anawaogopea ufukara hali yeye ndiye msimamizi wao duniani na akhera. Baadaye alipowaona watoto wale wamekonda, alimuuliza Asmaa sababu, na akamruhusu awasomee kinga.

Basi hesabu mwenyewe. Siku ya kwanza, habari imeletwa na mtu mwenye huruma, si kwa kupigiwa kelele barabarani. Siku ile ile, chakula. Siku tatu, nafasi ya kulia. Baada ya siku tatu, nywele za watoto, biashara ya watoto, afya ya watoto. Hii ndiyo taazia ya Mtume (s.a.w.). Taazia ya kwetu mara nyingi inakwisha siku ile turubali linapofunguliwa na viti vinaporudishwa.

UGONJWA WA MTUME NA SOMO LA DAWA

Eda ilipokwisha, Asmaa aliolewa na Sayyidna Abubakar. Mwishoni mwa mwaka wa 10 wa Hijra (632) alitoka pamoja na Waislamu kwenda katika Hija ya kuaga, na walipofika Dhul Hulayfa akajifungua mtoto Muhammad bin Abubakar. Mtume akamwagiza aoge, ajifunge kitambaa, ahirimie aendelee na safari. Akaendelea.

Miezi michache baadaye Mtume (s.a.w.) aliugua maradhi yake ya mwisho. Wake zake na jamaa walikuwa wakimuuguza, na Asmaa alikuwamo. Walidhani ana ugonjwa wa mbavu. Wakashauriana, wakamtia dawa upande wa kinywa wakati amezidiwa, dawa ambayo Asmaa na wenzake waliijua tangu Uhabeshi. Mtume aliwaashiria wasimtie. Wao wakasema moyoni kwamba kila mgonjwa huchukia dawa. Alipopata nafuu, hakuridhika. Akaamrisha kila aliyekuwamo chumbani anyweshwe dawa ile ile, isipokuwa Abbas ambaye hakushuhudia. Hata Maymuna, aliyekuwa amefunga saumu, alinyweshwa.

Hatuitaji habari hii kwa kumpunguzia mama yetu heshima. Walifanya kwa mapenzi. Lakini ndani yake mna elimu kubwa kwa kila anayeuguza. Mgonjwa aliye katika sakarati si mzigo usio na neno. Akiashiria kwa mkono, umwelewe. Akikataa kugeuzwa, umuulize kwa upole. Mara ngapi tumemzunguka mgonjwa watu kumi, mmoja ana dawa ya hospitali, mwingine ana mizizi, mwingine ana kikombe, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenyewe anataka nini? Pengine anataka maji kidogo tu. Pengine anataka mtoto wake fulani aitwe. Pengine anataka kusema deni lake kabla ulimi haujafungwa.

BIBI FATUMA NA JENEZA LA UHABESHI

Mtume (s.a.w.) akafariki mwezi wa Rabiul Awwal mwaka wa 11 (632). Bibi Fatuma, binti yake, aliishi baada yake miezi sita tu. Katika ugonjwa wake, Asmaa alikuwa karibu naye. Na hapo Bibi Fatuma akamfunulia jambo lililokuwa linamtia aibu na huzuni. Desturi ya wakati ule ilikuwa maiti wa kike hulazwa juu ya ubao na kutandikwa nguo, na nguo ile huonyesha umbo lake mbele ya wanaume wanaombeba. Yeye alilichukia hilo.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Wengi wetu, mgonjwa akianza kuzungumza habari ya mauti yake, tunamnyamazisha. Tunamwambia aache maneno hayo, atapona. Tunadhani tumemfariji, kumbe tumemwacha peke yake na hofu yake. Asmaa hakumnyamazisha. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza kitu alichokiona Uhabeshi, akataka matawi mabichi ya mtende yaletwe, akayapinda yakawa kama kuba juu ya kitanda, akatandika nguo juu yake. Umbo halikuonekana tena. Bibi Fatuma alifurahi sana, akamwombea Asmaa amsitiri naye. Akausia kwamba akifa aoshwe na Asmaa pamoja na Sayyidna Ali, asiingie mtu mwingine.

Alipofariki, usia ule ulitekelezwa. Walikuja watu wakubwa wa heshima wakitaka kuingia, Asmaa akasimama mlangoni akawazuia. Maneno yakafika kwa mume wake Abubakar, naye ndiye Khalifa. Akaja mpaka mlangoni kuuliza. Asmaa akamweleza usia wa marehemu na habari ya jeneza. Khalifa akamwambia afanye kama alivyoagizwa, akaondoka.

Wanachuoni wametaja kwamba Bibi Fatuma ndiye wa kwanza katika Uislamu kufunikiwa jeneza namna ile, na baada yake Bibi Zaynab bint Jahsh. Basi ndugu yangu, unapoona jeneza la mama Mwislamu limefunikwa kwa kuba na kitambaa, ujue kwamba sitara hiyo ilitoka Afrika, ikaletwa Madina na mama mkimbizi aliyekuwa na macho ya kuona na moyo wa kusikiliza.

KUMWOSHA SAYYIDNA ABUBAKAR

Mwaka wa 13 wa Hijra (634) Sayyidna Abubakar naye akaugua na kufariki. Aliusia kwamba mke wake Asmaa ndiye amwoshe. Kwa mara ya pili alikuwa mjane, na safari hii hakuletewa habari kutoka mbali. Alimwosha kwa mikono yake mwenyewe mtu aliyeishi naye. Imam Malik ameipokea katika Muwatta habari kwamba alipomaliza, alitoka akawauliza Muhajirina waliokuwapo: yeye amefunga, na siku ile ni ya baridi kali, je, inamlazimu kuoga? Wakamjibu kwamba haimlazimu.

Ndugu msomaji, usiipite habari hii kwa haraka. Mwenye kuosha maiti naye ni binadamu. Anasikia baridi, ana njaa, na pengine maiti aliyemwosha ni wake mwenyewe. Masahaba hawakumwongezea mzigo. Sisi tuna mama wawili watatu katika kila mji wanaojua kuosha. Wanaamshwa usiku, wanatembea kwa miguu, wanarudi asubuhi, na hakuna anayewauliza kama wamekula. Hawa ndio wanaobeba faradhi yetu sote. Kuosha maiti ni faradhi kifaya: wakiifanya wachache, wote tumeokoka, wasipopatikana, wote tuna dhambi.

MSIBA WA MWISHO

Baada ya Abubakar, Asmaa aliolewa na Sayyidna Ali. Sayyidna Umar katika ukhalifa wake alimpangia dirham elfu moja katika hazina ya Waislamu, kwa kutambua cheo chake. Siku moja watoto wake wawili, Muhammad wa Jaafar na Muhammad wa Abubakar, walishindana kila mmoja akidai baba yake ni bora. Ali akamwachia Asmaa ahukumu. Akasema kwamba hajaona kijana katika Waarabu aliye bora kuliko Jaafar, wala mzee aliye bora kuliko Abubakar. Ali akatania kwamba basi hakumbakizia yeye kitu. Ona jinsi alivyowataja vizuri waume waliokufa mbele ya mume aliye hai, na mume yule hakuona wivu. Kumtaja marehemu kwa wema mbele ya watoto wake ni katika kuwafariji.

Kisha ulikuja msiba mzito kuliko yote. Mwaka wa 38 wa Hijra (658), katika fitina, mtoto wake Muhammad bin Abubakar aliuawa Misri na mwili wake ukachomwa moto. Huyu hakuoshwa, wala mama hakumwona. Yule aliyewaosha wengine hakupata kumwosha mtoto wake. Habari ilipomfikia, aliingia mahali pake pa kuswali akaizuia ghadhabu yake, na imepokewa kwamba maziwa yake yalitoka damu kwa uchungu. Mwaka wa 40 (661) Sayyidna Ali naye akauawa Kufa. Asmaa akafuata baada yake, Allah awarehemu wote.

Tunajua kwamba katika wasomaji wetu wako wazazi waliofiwa na watoto vitani, na maiti hawakuonekana. Bibi Asmaa ni mwenzenu. Hakuna kaburi alilolitembelea. Alikuwa na mswala wake tu, na Mola wake alimsikia.

SISI TUNAFANYA NINI?

Sasa tuzungumze habari yetu. Sunna ya watu wa Jaafar ni kwamba jirani wapike, wafiwa wale. Kwetu mara nyingi imepinduliwa. Mtu akifa, jirani wanakuja kukaa kwenye kilio, na mjane ndiye anayetafuta mchele, gunia la makala, mafuta ya mawese na sukari ya chai. Watu wanakula siku tatu, siku saba, wengine wanarudi siku ya arobaini. Wanaondoka wameshiba wakisema kilio kilikuwa kizuri. Mjane anabaki na deni la duka, na watoto wanarudishwa nyumbani kwa kukosa faranga za masomo. Sahaba Jarir bin Abdillah ameeleza kwamba wao walikuwa wakihesabu mkusanyiko kwa wafiwa na kupikiwa chakula nao kuwa ni katika maombolezo yaliyokatazwa.

Hatugombani hapa na anayemwombea dua maiti. Dua ni haki yake. Tunauliza tu: sufuria ile imetoka wapi? Mali ya marehemu ina utaratibu: kwanza mazishi, kisha madeni, kisha usia usiozidi theluthi, kisha warithi. Mjane mwenye watoto ana thumni yake, asiye na watoto ana robo yake. Kinachobaki ni cha watoto na warithi wengine. Mbuzi akichinjwa kwa mali ya yatima, kila pande la nyama ni mali ya yatima. Na wale ndugu wa mume wanaokuja siku ya kuzika na kuondoka na godoro, redio na mashine ya kushona, wajue kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia nyumba ya Jaafar akatoka mikono mitupu, na akaamrisha wapikiwe chakula.

Basi tunakushauri mambo haya, nayo hayahitaji mali nyingi:

Kwanza, usimwache mgonjwa peke yake. Anayekaribia kufa akae na mtu mmoja au wawili wenye sauti ya upole. Umtamkie kalima ya La ilaha illa Allah bila kumlazimisha, akishaisema, usimsumbue. Ulowanishe midomo yake. Umsikilize usia wake na deni lake, uandike mbele ya mashahidi. Akikata roho, umfumbe macho na umfunike.

Pili, jifunze kuosha. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na binti yake Zaynab, mwaka wa 8, aliwafundisha wanawake waliomwosha: kwa witiri, mara tatu au tano au zaidi wakiona haja, kwa maji na majani ya mkunazi, mara ya mwisho kwa kafuri, waanze kuliani na viungo vya udhu. Pasipo mkunazi, sabuni inatosha. Na utakaloliona mwilini, lizikwe pamoja na maiti. Kila mtaa uwe na wanaume wanne na mama wanne wanaojua kazi hii.

Tatu, usiue walio hai kwa ajili ya maiti. Ugonjwa wa Ebola wa 2018 mpaka 2020 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri uliua watu zaidi ya 2,200, na kugusa maiti ilikuwa njia moja ya kuuambukiza. Palipo na hatari kama hiyo, waachie wenye mavazi ya kujikinga. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 umeweka nafasi ya tayammamu kwa maiti Mwislamu, na sheria yetu haimkalifishi mtu asichoweza. Mswalie, umwombee, na uwapelekee chakula watu wake.

Nne, chakula kiende kwa wafiwa, kisitoke kwao. Nyumba tatu za jirani zigawane siku tatu: nyumba moja ugali na sombe, nyumba moja mchele na maharagwe, nyumba moja uji wa watoto. Bibi Aisha alikuwa akiwapikia wafiwa uji wa shayiri, kwa kuwa unatuliza moyo wa mwenye huzuni. Ukienda kutoa taazia, kaa kidogo, omba dua, nenda ukale kwako.

Tano, rudi siku ya nne. Siku ya nne ndiyo siku ngumu, watu wamekwenda na mlango umenyamaza. Uliza habari ya nywele za watoto, kama Mtume alivyouliza. Uliza habari ya shule, ya homa, ya biashara ndogo ya mama yao. Abdullah bin Jaafar, yule mtoto aliyeombewa baraka, alikua akawa mmoja wa watu wakarimu mashuhuri wa Madina. Yatima aliyelishwa vizuri hujifunza kulisha.

Ndugu msomaji, sisi sote tutalazwa siku moja juu ya ubao ule, na mikono ya watu wengine itatugeuza. Tuwe leo mikono hiyo kwa wenzetu.

Ewe Allah, mridhie Bibi Asmaa na Jaafar na masahaba wote. Warehemu maiti wetu, waliozikwa na wasioonekana. Uwape subira wajane na mayatima wetu, na utujaalie tuwe majirani wema kwao. Utupe mwisho mwema. Amin.

Wa billahi tawfiq.

(Usisome karatasi hii khatibu akiwa juu ya mimbari. Usiitupe mahali pachafu, ina jina la Allah. Ukimaliza, umpe jirani.)